Kushiba Kwangu Si Utakatifu

Neno la msingi: Yohana 9:1-3, Marko 12:41-44, 1 Wakorintho 4:7

Somo la leo linaanza na kuungama. Nimemwomba Pasta ruhusa niliandike hapa, kwa sababu kosa nililifanya mbele ya watu na si haki nilitubu chumbani peke yangu.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa na kesha la mwisho wa mwezi. Akina mama walipika beseni moja la mandazi mapema, na unga mwingine uliokandwa wakaufunika jikoni uumuke. Saa nane usiku, watu wakiwa katika maombi, dada mmoja alienda kuwasha jiko, tukasikia kelele. Kijana wa miaka tisa alikuwa ameketi sakafuni kando ya beseni. Mandazi alikuwa ameyamaliza karibu yote, na sasa alikuwa anakula unga mbichi kwa mikono miwili. Hakukimbia alipotuona. Aliendelea kula huku analia.

Mimi ndiye nilikuwa mzee wa zamu. Nilimshika mkono nikampeleka kwa mama yake, watu wote wakiona, nikasema, "Dada, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Hakunijibu neno. Jumatano iliyofuata nilikuwa na zamu ya kufundisha, nikachagua tunda la kiasi katika Wagalatia 5. Nikasema kuna nyumba ambazo mtoto hajui fimbo, basi tumbo linakuwa ndilo mungu wa nyumba hiyo. Jina sikutaja. Kwani kulikuwa na haja? Kila mtu aligeuka akatazama benchi la nyuma. Yule mama alimshika mtoto wake mkono wakatoka, na hatukuwaona tena kwa miezi saba.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Nilikuwa nimemaliza mfungo wa siku 21 mwezi ule, na nilihisi nina haki ya kufundisha watu juu ya tumbo.

Aliporudi, alirudi na bahasha. Alikuja kwangu baada ya ibada akasema, "Mzee, sijakuja kugombana. Nataka tu usome." Ndani kulikuwa na barua ya daktari. Damu ya mtoto ilikuwa imepimwa, na hali yake ikapata jina: Prader-Willi. Sikuwa nimewahi kulisikia. Tangu siku ile nimesoma nilichoweza na kuuliza wanaojua, na nataka niwaeleze nilivyoelewa, kisha tuulizane swali ambalo halijaniacha: ikiwa ubongo wa mtu umejengwa hivyo, dhambi yake iko wapi, na utakatifu wangu uko wapi?

Taa mbili katika chumba kimoja

Kila mtu amepokea maagizo ya kuujenga mwili wake kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Maagizo hayo tunayaita jeni, na binadamu ana kama 20,000. Karibu kila jeni tunayo mara mbili, nakala ya baba na nakala ya mama. Fikiria nyumba ambayo kila chumba kina taa mbili, moja imetundikwa na baba, nyingine na mama. Katika vyumba vingi zote mbili zinawaka, na moja ikiungua, nyingine inaendelea kuangaza.

Lakini kuna vyumba vichache, kama mia moja hivi vinavyojulikana kwa binadamu, ambavyo taa moja imezimwa tangu mwanzo. Haijavunjika. Imetiwa muhuri usemao "hii ilitoka kwa mama, isiwake" au "hii ilitoka kwa baba, isiwake." Mwili unategemea ile moja tu inayowaka. Sasa ikitokea ile inayowaka imekosekana, chumba kinabaki giza, ingawa taa nzima bado inaning'inia hapo juu.

Mmoja wa waliofungua jambo hili ni mtu aliyezaliwa hapa kwetu. Profesa Azim Surani alizaliwa Kisumu mwaka 1945, na kazi yake kubwa ameifanya Cambridge, Uingereza. Mwaka 1984 yeye na wenzake walionyesha kwamba kiinitete cha panya kilichotengenezwa kwa urithi wa mama peke yake, mara mbili, hakiwezi kukua mpaka kuzaliwa, hata kama idadi ya jeni imetimia. Cha urithi wa baba peke yake pia hakiwezi. Wakati huohuo watafiti wengine kule Marekani, James McGrath na Davor Solter, walipata jibu lilelile. Yaani, urithi wa baba na wa mama si kitu kimoja kilichorudiwa. Kila mmoja huleta kitu ambacho mwenzake amekizima.

Na nyingi za jeni hizi zilizotiwa muhuri zinafanya kazi kwenye ubongo. Baadaye Surani na mwenzake Barry Keverne walichanganya seli katika panya wachanga ili waone zinaelekea wapi. Seli zenye urithi wa mama peke yake zilionekana zaidi katika tabaka la juu la ubongo na sehemu za karibu yake. Zile zenye urithi wa baba peke yake zilikusanyika chini katikati, katika sehemu iitwayo hipothalamasi, ambayo husimamia njaa, joto la mwili na matamanio mengine ya msingi. Tafadhali, mtu asiende nyumbani kumwambia mwenzake ati sayansi imesema akili ni ya mama na tamaa ni ya baba! Hao walikuwa panya, na ubongo wa kawaida unahitaji urithi wa wote wawili kila mahali. Nimelitaja ili tuone tu kwamba muhuri huu mdogo hufika mpaka mahali njaa inapokaa.

Njaa isiyofika mwisho

Hali ya Prader-Willi iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1956 na madaktari watatu wa Zürich, Uswisi: Prader, Labhart na Willi. Huwapata watoto wachache, kama mmoja kati ya 10,000 hadi 30,000 wanaozaliwa, wa kila kabila na kila nchi. Sehemu ndogo ya kromosomu ya 15, ile iliyopaswa kutoka kwa baba na kuwaka, haipo au haifanyi kazi. Ya mama ipo, lakini imetiwa muhuri, haiwaki.

Mtoto huzaliwa akiwa mlegevu. Mama yake aliniambia, "Mzee, alipozaliwa hakuwa na nguvu ya kunyonya. Nilikuwa namkamulia maziwa namnywesha kwa kijiko, nikiomba Mungu ampe hamu ya kula." Fikiria maombi hayo! Kwa sababu baada ya miaka michache mambo hugeuka. Mtoto huanza kunenepa, halafu, kwa wengi karibu na umri wa miaka minane, huja njaa isiyofika mwisho. Mimi na wewe tukila ugali wa kutosha, ubongo hutuambia, "Basi." Kwa mtoto huyu ile "basi" haiji. Anaweza kula mpaka tumbo likaumia vibaya, na wengine wamekufa hivyo. Anaweza kuchukua chakula cha mtu, kutafuta kwenye takataka, kula unga mbichi. Hasira hupanda haraka, swali moja huulizwa mara ishirini, na shuleni husoma kwa shida.

Kumbe siku ile ya kesha mtoto hakuwa ameshindwa na tamaa kama ninavyoijua mimi. Tulimweka nyumba moja na beseni la mandazi, mlango wazi, usiku kucha, na ndani yake hakuna sauti ya kumwambia ameshiba. Alikuwa analia kwa sababu alijua ni makosa, na mikono haikusimama.

Ni nani aliyetenda dhambi?

Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza si jinsi ya kumsaidia. Wanataka kujua nani alaumiwe: yeye au wazazi wake. Swali hilo bado lina miguu hapa Kenya. Yule dada alikuwa ameulizwa na ukweni kwake miaka yote, "Kwenu kuna nini? Huku kwetu hatujazaa mtoto wa namna hii." Mwingine alimwambia ni laana ya upande wa nyanya. Mimi mzee wa kanisa nikaongeza langu, kwamba ni ulegevu wa malezi.

Sasa angalia. Siku daktari alipomweleza kwamba sehemu iliyokosekana ni ile ya baba, dada huyu alipata silaha mkononi. Aliniambia wazi, "Mzee, niliwaza kupiga simu ukweni usiku uleule niwaambie, kumbe ni kwenu!" Hakupiga. Daktari alikuwa amemweleza pia kwamba mara nyingi hili hutokea kama ajali wakati yai au mbegu ya uzazi inapotengenezwa. Baba mwenyewe ni mzima. Hakufanya kitu, hakula kitu, hakuficha kitu. Akaniuliza, "Nikimlaumu yeye kwa ajali, nitakuwa nimepona ama nitakuwa nimehamisha kidonda tu?"

Wapendwa, nimesoma Biblia zaidi ya miaka thelathini, na mahubiri ya Yohana 9 niliyahubiriwa siku ile na mtu niliyemfukuza kanisani.

Na kama kuna anayetaka bado kugawa lawama kati ya koo mbili, asikie hili. Kuna hali nyingine iitwayo Angelman, ambayo daktari Mwingereza Harry Angelman aliiandika mwaka 1965. Mtoto huyo hasemi, au husema maneno machache sana. Hutembea kwa kuyumba, hupata degedege, usingizi wake ni mfupi, na hucheka mara kwa mara bila sababu tunayoiona. Kwa macho yetu hafanani hata kidogo na yule wa Prader-Willi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba mara nyingi kinachokosekana ni sehemu ileile ya kromosomu ya 15. Ikikosekana ya baba, inakuwa Prader-Willi. Ikikosekana ya mama, inakuwa Angelman. Basi tukitafuta wa kulaumu, leo tutampata baba na kesho mama, na watoto wataendelea kukaa bila msaada.

Nilijifunza jambo lingine lililonipa faraja. Muhuri huu haupitishwi jinsi ulivyo kizazi hadi kizazi. Katika seli zitakazokuwa mayai au mbegu za uzazi, mihuri ya zamani hufutwa na mipya huandikwa, kulingana na kama mwenye mwili ni mwanamke au mwanamume. Jeni niliyoipokea kwa mama yangu, mimi naipitisha ikiwa na muhuri wa baba. Sisemi kwamba sayansi imethibitisha Ezekieli 18, ambapo Bwana anakataza watu kusema meno ya watoto yametiwa ganzi na zabibu walizokula baba zao. Neno halingoji maabara. Lakini nilipolisoma nilitabasamu.

Basi hakuna dhambi tena?

Najua kuna ndugu amekunja uso hapa. "Mzee, ukianza hivyo umemfungulia mlango mlevi, mzinzi na mwizi. Kila mtu atasema ni jeni zake." Hilo ni swali halali na silikimbii.

Kwanza, tusiseme uongo kwa upande wowote. Mimi sina hali ya Prader-Willi. Mimi nikila sahani ya tatu ya pilau harusini, nimesikia ile "basi" nikaipuuza. Siwezi kujificha nyuma ya mtoto huyu. Bwana alisema katika Luka 12:48 kwamba aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Mimi nimepewa shibe, basi nitadaiwa hesabu ya shibe.

Pili, hata kijana huyu hajafutiwa mema na mabaya. Ana nia, na nimeiona. Mama yake aliniambia kwamba siku moja kabati la nyumbani lilikuwa wazi, na kijana akamwita, "Mama, kuja ufunge." Nimeliwaza neno hilo sana. Mtu aliyeshindwa na mikono yake akatumia mdomo wake kuomba kufuli. Kama hicho si kiasi, basi mimi sijui kiasi ni nini. Sisi tumezoea kudhani kiasi ni mtu mwenye nguvu anayekaa karibu na majaribu bila kuguswa. Labda mara nyingi kiasi ni kumwita mtu akufungie kabati. Mlevi anayemwomba rafiki amsindikize apite njia isiyo na baa amefanya kitu hichohicho.

Tatu, na hapa ndipo niliumizwa zaidi: ikiwa siwezi kumlaumu kijana kwa njaa yake, siwezi kujisifu kwa shibe yangu. Hayo mawili yanakwenda pamoja. Paulo aliwauliza Wakorintho wana kitu gani ambacho hawakukipokea. Mimi nilidhani mfungo wangu wa siku 21 ulitoka kwa roho yangu iliyokomaa. Sehemu ilitoka huko, sikatai. Lakini sehemu kubwa ilitoka kwa hipothalamasi inayofanya kazi vizuri, ambayo sikuinunua wala sikuiombea. Nilikuwa nimechukua zawadi nikaiita ushindi, halafu nikampiga nayo mtu asiyekuwa nayo.

Hata upendo wa mama, ambao sote tunausifu, umekaa ndani ya mwili. Watafiti wa kikundi cha Surani walionyesha katika panya kwamba kuna jeni mbili ambazo nakala inayowaka ni ile ya baba. Panya jike akikosa mojawapo, hawatunzi watoto wake ipasavyo. Hajengi kiota vizuri, na wakitawanyika anachelewa kuwakusanya. Binadamu si panya. Lakini tangu nisome hilo, nimekuwa mwangalifu ninapomwona mama aliyejifungua juzi ambaye hawezi kumtazama mtoto wake. Zamani ningesema, "Huyu hana moyo." Siku hizi namtuma Mama Pasta aende na uji, na tunamsihi aende kliniki.

Tufanye nini?

Hatujaacha kumwombea kijana uponyaji, na hatutaacha. Lakini tumeacha kumshika kichwa na kukemea pepo wa ulafi kila anapolia njaa, kwa sababu yeye husikia kwamba pepo ni yeye. Anaenda kliniki, na dawa za daktari hatumwambii aziache ili aonyeshe imani. Siku ya kesha, jiko la kanisa linafungwa kwa kufuli na dada mmoja anashika ufunguo. Kuna waliosema ni ukatili. Si ukatili. Watoto hawa hutulia wakijua chakula ni saa ngapi, ni kiasi gani, na kwamba hakuna kingine kitakachopatikana. Mlango uliofungwa humpumzisha kichwa. Ukatili ni ule wa shangazi anayempenyezea peremende kwa siri ili apendwe.

Na mimi nilisimama Jumatano moja, mahali palepale nilipofundishia somo lile, nikaomba msamaha nikitaja kosa langu. Mama yake alikuwa benchi la nyuma. Alikubali kwa kichwa tu. Sikustahili zaidi.

Nimalizie na Jumapili ya mavuno. Mimi nilileta gunia la mahindi, na nililibeba nikijua watu wanaona. Nyuma yangu kwenye mstari alikuwa kijana, sasa ana miaka kumi na miwili, amebeba kichane cha ndizi mbivu. Mama yake hakutaka abebe, ni yeye aliyeng'ang'ania. Kutoka mlangoni mpaka madhabahuni ni kama hatua thelathini. Katikati ya kanisa alisimama. Nilimsikia akisema, "Mama, nishike mkono." Mkono mmoja ukashikwa, mwingine ukabaki na ndizi, unatetemeka. Wakaenda hivyo polepole mpaka mbele, akaziweka chini, akageuka haraka bila kuziangalia.

Yesu aliketi karibu na sanduku la sadaka akamwonyesha mjane wa senti mbili, akasema ametoa kuliko wote, kwa sababu wengine walitoa katika vilivyowazidi. Mimi nilikuwa nimetoa gunia kutoka kwa ghala na shibe kutoka kwa tumbo lililojaa. Kijana alitoa ndizi, na alitoa katika njaa. Tangu siku ile, nikisimama kufundisha juu ya kiasi, nafundisha kama mwanafunzi wake.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani jema ndani yako ambalo umelihesabu kuwa ushindi wako, na huenda ni zawadi uliyopokea?
2. Je, kuna familia katika ushirika wetu iliyoacha kuja kwa sababu ya maneno yetu juu ya mtoto wao? Nani ataenda kuwatembelea wiki hii?
3. Wewe ungependa nani akufungie "kabati" lako? Je, umewahi kumwomba?

Tuombe

Baba, wewe ndiwe uliyetuumba tumboni mwa mama zetu, unajua kila taa iliyowaka na kila iliyozimwa. Utusamehe tulipowahukumu wadogo hawa kwa kipimo cha miili yetu. Utupe hesabu ya kweli ya vile tulivyopokea, na mikono ya kuwashika wanaotetemeka njiani. Katika jina la Yesu, Amina.